Kukataa mswaki si ukaidi

Wengi husema mtoto mwenye usonji (autism) anayekataa mswaki amedekezwa tu, akibanwa atazoea. Sivyo. Watoto wengi wenye usonji huhisi mambo ya mdomoni kwa ukali mno: nyuzi laini za mswaki huweza kuwa kama miiba, na mnanaa wa dawa ya meno ukawa moto. Kumshika kwa nguvu humfundisha woga.

Tafuta dawa isiyo na ladha, ila yenye floraidi, madini yanayokinga meno yasioze. Anza kwa kugusa midomo, hesabu hadi tano kwa sauti, acha. Kesho, jino moja. Ni polepole, ndiyo.

Akikataa ghafla baada ya kuzoea, mchungulie kinywani: huenda jino linamuuma na hana namna ya kulisema.