Kapsuli za seli shina: yanayosemwa mtaani na ukweli wenyewe

Kwenye magrupu ya WhatsApp haipiti muda bila mtu kurusha picha ya kopo la vidonge, eti stem seli, yaani seli shina, inatibu kisukari, presha, figo na goti, na chini yake kuna mzazi mwenye mtoto wa kisukari anauliza bei, na hapo ndo roho inaniuma. Kwahiyo naanza na hilo.

"Seli shina zinakuja kwenye vidonge, ukimeza zinaenda kutengeneza kongosho upya."

Hapana jamani. Seli shina, ile seli changa inayoweza kugeuka kuwa aina nyingine za seli, ni kitu hai, inataka oksijeni na chakula muda wote, ukitaka kuitunza muda mrefu unaigandisha kwenye naitrojeni ya maji kwenye baridi ya nyuzi -196, sa kopo linalokaa dukani kwenye joto la Dar litatunza seli gani? Na hata ingefika tumboni ikiwa hai, asidi na vimeng'enya vya tumbo vinaisaga kama nyama nyingine yoyote.

Kufunga seli kwenye kapsuli kama wanavyofanya maabara ni kazi nyingine kabisa. Wanachukua seli hai wanazichanganya na uteute wa alginati, ule unaotoka kwenye mwani wa kahawia, halafu wanaudondosha tone tone kupitia sindano kwenye maji yenye kalsiamu kloraidi, yaani tone likigusa tu yale maji linaganda palepale linakuwa kipunje cha jeli, mara nyingi hakifiki hata milimita moja, na seli ziko ndani zinaishi. Hakimezwi kile, kinapandikizwa mwilini. Kinafanya kazi kama chandarua, sukari na oksijeni vinaingia, insulini inatoka, ila seli za kinga ambazo ni kubwa zinabaki nje. Na wazo siyo la juzi, watafiti Lim na Sun walilionyesha mwaka 1980 kwa panya wenye kisukari, ila wao walifunga seli za kongosho zinazotoa insulini, siyo seli shina.

Mzazi mwenzangu, mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza usimkatishie insulini kwa ajili ya kopo lolote lile. Siku chache tu zinatosha kumpeleka ICU.

"Ukishaweka kapsuli kinga ya mwili haina la kufanya, huhitaji tena dawa za kushusha kinga."

Hii hata watu waliosoma wanaiamini, na ndo sehemu ambayo fani nzima imekwama kwa miaka. Kweli kinga haiifikii seli yenyewe, lakini inakiona kile kipunje chenyewe kama kitu kigeni, inakizungushia tishu ya kovu taratibu mpaka kinazibwa, na seli za ndani zinakosa oksijeni zinakufa. Seli inatakiwa iwe karibu sana na mshipa wa damu, kama sehemu mbili za kumi za milimita hivi, zaidi ya hapo inaanza kukosa hewa.

Kampuni ya ViaCyte ya Marekani ilianza kujaribu kwa wagonjwa mwaka 2014, kifuko bapa chini ya ngozi chenye seli zilizokuzwa kutoka seli shina, likawakuta hilohilo la kovu, ikabidi watengeneze kifuko kingine chenye matundu ili mishipa ya damu iingie, na mishipa ikiingia kinga nayo inaingia, kwahiyo mgonjwa anarudi kwenye dawa za kushusha kinga. Kampuni nyingine ya Marekani, Vertex, waliinunua ViaCyte mwaka 2022, nao walikuwa na kifuko chao, VX-264, mwaka 2025 wakakisimamisha kwa sababu seli hazikutoa insulini ya kutosha. Cha kushangaza seli zao zilizoingizwa kwenye ini bila kapsuli yoyote zilifanya vizuri mno, wagonjwa 10 kati ya 12 walikaa bila kuchoma insulini baada ya mwaka, ila wanatumia dawa za kushusha kinga.

"Seli zikiwa ndani zinajigeuza kuwa kiungo chochote kinachohitajika."

Hapana. Za kisukari zinaelekezwa maabara kwanza, hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, ndo zinapandikizwa. Seli shina isiyoelekezwa inaweza kuota uvimbe.

"Basi yote ni stori za maabara."

Nayo siyo kweli! Machi 2025 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipitisha Encelto, kifuko kidogo chenye seli hai kinachowekwa ndani ya jicho kwa upasuaji, kwa wenye MacTel, ugonjwa unaokula katikati ya retina. Zile siyo seli shina, ni seli za jicho zilizobadilishwa vinasaba zitoe protini inayolinda retina, lakini teknolojia ya kuzifunga ni ndugu yake. Ya kisukari yenye seli shina haijapitishwa nchi yoyote, ukiona mtu anaiuza anakudanganya.

"Si mwani huu huu wa Zanzibar? Tule tu."

Mwani unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani ni wa jamii ya mwani mwekundu, unatoa karagini inayowekwa kwenye vyakula na dawa ya meno, alginati inatoka kwenye mwani wa kahawia. Na hata huo wa kahawia ukiula hauna seli yoyote ya kukupa, ile ya kupandikiza inasafishwa kwanza kwa umakini mkubwa maana mabaki kidogo tu ya protini au bakteria yanaamsha kinga na kovu linaanza upya.