Maana ya kumpima upya dereva aliye kazini

Kumpima upya dereva ni kitendo cha mwajiri kumrudisha kwenye mtihani wa barabarani dereva ambaye tayari ni wake. Ana leseni hai, ana mkataba, pengine ana miaka kumi na tano anabeba mizigo ya kampuni hiyo hiyo. Mtu mwenye ujuzi anakaa naye ndani ya kabini, safari inaanza, na kinachoangaliwa ni namna anavyoendesha sasa hivi. Alivyoendesha siku ile alipoajiriwa ni habari ya zamani.

Nimefanya kazi hii ya kukaa kiti cha kushoto na karatasi mapajani kwa miaka kadhaa, na naona bado inachanganywa na mambo mengine. Usaili wa dereva mpya unajibu swali moja tu: tumchukue au tumwache. Kuhuisha leseni ni jambo kati ya dereva na serikali. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, nayo ina jukumu la kuthibitisha madereva wa vyombo vya biashara, na mtihani wake unafanyika kwenye kompyuta. Halafu kuna kozi rejea, kama zile za NIT, chuo cha taifa cha usafirishaji pale Mabibo, au za VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ambazo kazi yake ni kufundisha. Ulaya, kwa agizo la mwaka 2003, dereva wa lori au basi anatakiwa apate saa 35 za mafunzo kila miaka 5, bila mtihani mwishoni. Ni utaratibu mzuri, lakini unahesabu muda wa kukaa darasani. Anavyoendesha akisharudi barabarani hauoni. Hapo ndipo mwajiri anapotakiwa kuangalia mwenyewe, kwa sababu gari ni lake, mzigo ameupokea yeye, na yule dereva ametoka getini kwa amri yake.

Kwa nini umpime mtu ambaye kazi yake kila siku ni kuendesha? Swali hili naulizwa na madereva wenyewe, na ni swali la haki.

Dereva hasahau kuendesha. Kinachotokea ni kwamba mwaka hadi mwaka anapunguza kitu kidogo, na hakuna baya linalompata. Zamani alikuwa anazunguka lori lote asubuhi akiangalia matairi na nati, siku hizi kazi hiyo amemwachia utingo. Zamani alikuwa anaacha nafasi nyuma ya gari la mbele, lakini akiiacha, daladala zinaingia, basi akazoea kusogea. Kila alipopunguza, alifika salama, akaegesha, akalala. Safari elfu moja za namna hiyo zinamfundisha kwamba anavyofanya ni sawa. Wala si uzembe. Ndivyo mwili wa binadamu unavyozoea kazi yoyote, na fundi cherehani au mpishi naye hupunguza hivyo hivyo, ila wao hawana tani 56 mgongoni.

Nitoe mfano mmoja niliouona kwa macho yangu.

Mzee mmoja niliyempima alikuwa anashusha shaba kutoka Tunduma kwenda bandari ya Dar es Salaam. Alikuwa dereva anayeheshimika pale kampuni, vijana walikuwa wakimwamkia kama baba yao. Kabla ya kuondoka nilimwuliza mlima unashukwaje na mzigo. Alinijibu bila kufikiri: gia unayopandia ndiyo unayoshukia, na unaiweka kabla mteremko haujaanza. Jibu kamili, ningempa alama zote.

Tulipofika mlima Kitonga, upande wa kushuka, akaingia na gia ya juu, mguu ukiwa juu ya breki. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa naufuata kwa macho mshale wa upepo wa breki: akikanyaga unashuka kidogo, unaanza kurudi, kabla haujafika anakanyaga tena. Si muda mrefu harufu ya breki ikaingia kabini. Nikamwuliza, "Mzee, unasikia harufu?"

Akavuta pumzi. "Hiyo ndiyo harufu ya Kitonga, mwanangu. Siku zote iko hivyo."

Nikamwomba asimame mara tu tulipopata pa kuegesha salama. Hakuwa ananificha kitu. Kwa miaka mingi alikuwa amepita pale akinusa breki zake mwenyewe zikiungua, na kwa kuwa kila mara alifika chini, pua yake ikaiweka ile harufu pamoja na mandhari, kama ukungu na nyani wa pale mlimani.

Breki za ngoma zinafanya kazi ya kugeuza mwendo kuwa joto. Lori la tani 56, ambao ndio uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye barabara za Jumuiya ya Afrika Mashariki, linaposhushwa kwa breki peke yake, joto linaongezeka haraka kuliko linavyoweza kutoka. Likizidi, pedali inakanyagika lakini magurudumu hayashiki. Na upepo nao, ukitumiwa kila baada ya sekunde chache, kompresa haiwahi kuujaza. Ukiweka gia ndogo, injini yenyewe inalizuia gari na breki zinabaki za akiba. Mzee alilijua hilo lote. Mtihani wa karatasi ungempitisha kila mwaka mpaka siku breki zitakapokataa, na huu ndio msingi wa dhana yote: kujua na kufanya ni vitu viwili, na mtihani wa darasani unakipima kimoja.

Sasa, upimaji wenyewe unafanywaje? Mimi naanza mapema, gari likiwa limeegeshwa. Namwacha dereva ajiandae kama kawaida, simwambii azunguke gari, naangalia kama atazunguka. Kama anagusa mabomba ya upepo kati ya kichwa na tela, kama anaangalia pini ya kuungia tela, kama anajua ni taa gani haiwaki. Kisha tunaingia barabarani kwa gari lake analolizoea, kwenye njia yake, likiwa na mzigo. Kumpima dereva wa semi trela kwa kumzungusha mjini na Hilux ni kupoteza siku ya kila mtu.

Na safari isiwe fupi. Dakika ishirini za mwanzo dereva yeyote anaigiza. Mikono iko sawasawa kwenye usukani, vioo anaviangalia kwa zamu, mwendo unakubalika. Baada ya hapo mwili unachoka kuigiza, unarudi kwenye mazoea, na hapo ndipo kalamu yangu inapoanza kazi. Kipimo changu kinachosema mengi ni umbali na gari la mbele. Gari la mbele likipita nguzo, nahesabu kimoyomoyo mpaka sisi tuifikie. Kwa kilomita 80 kwa saa, mwendo wa juu wa kisheria kwa lori hapa Tanzania, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva anayekaa sekunde moja nyuma ya basi ana mita 22, na sekunde hiyo moja inaweza kwisha kabla hata mguu wake haujagusa breki. Wengi nikiwaonyesha hesabu hiyo wananyamaza kwanza.

Kurudi nyuma na kuegesha napima pia, ila hapo makosa yanaonekana na kila mtu, hata mlinzi wa geti.

Kuna waajiri wanaoniambia hawahitaji haya kwa sababu wana mfumo wa kufuatilia magari, kama ule wa VTS ambao LATRA inausimamia kwenye mabasi ya mikoani. Mfumo huo ni msaada mkubwa, nami huomba taarifa zake kabla sijapanda gari. Lakini unakuambia kwamba basi lilikwenda kasi mahali fulani saa fulani, au kwamba breki zilikanyagwa ghafla. Kama breki zile zilikanyagwa kwa sababu mtoto alikatiza, au kwa sababu dereva alikuwa anaangalia simu, hilo halimo. Na mzee wangu wa Kitonga kwenye skrini angeonekana dereva bora: mwendo wa taratibu, hakuna breki ya ghafla hata moja.

Mambo ya lini umpime hayana ugumu sana. Baada ya ajali au kukoswakoswa, anapohamishwa kutoka Fuso kwenda tela au kutoka gia za mkono kwenda gia zinazojibadili zenyewe, anaporudi kutoka ugonjwa wa muda mrefu, na vilevile kwa ratiba inayojulikana, hata kama hakuna lililotokea. Hili la mwisho ndilo linalorukwa, na ndilo linaloondoa hofu. Ukimpima dereva baada ya ajali tu, utakuwa umewafundisha wote kwamba kupimwa ni adhabu.

Hofu yenyewe ni ya kweli na ina historia. Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma na abiria wakakwama Ubungo na katika vituo vya mikoani. Moja ya malalamiko yao lilikuwa ni takwa la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, tena kwa gharama zao. Wengi waliwalaumu wakati ule kwamba hawataki kusoma. Mimi sikuona hivyo. Mtu asiye na mkataba wa maana, anayelipwa kwa safari, ukimwambia aache safari, alipe ada, kisha afanye mtihani unaoweza kumnyang'anya mkate, atakataa, na wewe ungekataa. Mwezi uliofuata mgomo ulirudi, na safari hii mikataba ya ajira ndiyo iliyokuwa mbele.

Kwa hiyo swali la nani analipa limo ndani ya dhana hii, haliko pembeni. Mwajiri ndiye anayemhitaji dereva aliyepimwa, basi mwajiri alipe mpimaji, na siku ya kupimwa ihesabiwe kama siku ya safari pamoja na posho yake. Nimeona mahali posho ikikatwa siku hiyo, na madereva wakaanza kuugua kila zamu zao za kupimwa zilipokaribia.

Na matokeo mabaya hayawi barua ya kufukuzwa. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na kanuni za mwaka 2007 zilizotolewa chini yake zinasema mwajiri asiyeridhishwa na utendaji achunguze sababu, atoe maelekezo na mafunzo inapobidi, kisha ampe mfanyakazi muda wa kujirekebisha. Mwajiri anayetafuta njia ya mkato ya kupunguza watu kwa kutumia mtihani wa usukani atajikuta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akieleza hayo mafunzo aliyatoa lini. Ila kumwondoa dereva barabarani kwa muda, mpaka afundishwe na kupimwa tena, hilo ni jukumu lake, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri usalama wa watu wake wakiwa kazini.

Jambo jingine ambalo waajiri hawalitarajii: karatasi ya dereva inamsoma na bosi. Kampuni moja nilipima madereva wanane, na wote walikuwa wanakimbilia kuvuka Mikumi usiku, mahali ambapo wanyama wanakatiza barabara. Nikadhani ni ushindani wa vijana. Kumbe ofisini walikuwa wanamaliza kupakia mzigo jioni, kisha wanatoa bakshishi kwa anayefika kabla ya saa mbili asubuhi. Hakuna kozi ya kumrekebisha dereva hapo. Ilibidi warekebishe saa ya kupakia.

Na kuna deiwaka, dereva wa kushikiza asiyeajiriwa na kampuni. Kampuni inapima madereva wake wa kudumu, inaweka majina ukutani, halafu dereva mmoja akichoka Morogoro anamwachia usukani rafiki yake ambaye ofisi haijawahi kumwona. Kabla ya kupanga upimaji wowote, mwajiri ahakikishe anajua ni nani hasa anaendesha gari lake saa nane za usiku.

Yule mzee tulikaa naye siku ile ile baada ya kufika, chai mezani, kabla sijaenda kwa bosi wake. Kwenye karatasi yangu nilikuwa na makosa kumi na moja. Nikamtajia mawili, la gia na la kuzunguka gari, kwa sababu mtu anayebebeshwa makosa kumi na moja kwa siku moja habadilishi hata moja. Akafanya mazoezi na mwalimu wa kampuni kwa wiki mbili, bila mzigo kwanza, kisha na mzigo.

Nilipanda naye tena baada ya miezi mitatu. Juu ya Kitonga, kabla barabara haijaanza kuinama, alipunguza mwendo, akashusha gia, injini ikaunguruma na kutushika. Malori mawili yakatupita yakipiga honi. Hakuongea mpaka tulipofika chini, upande wa Ruaha Mbuyuni. Hapo akashusha kioo, akatoa kichwa nje kidogo, akanusa.