Mwani Mweupe Haukumwagiwa Sumu

Naomba hili la sumu tulimalize. Kila kaskazi ikikolea, mwani tunaolima huku Mlingotini na Pande, Bagamoyo, ukianza kuwa mweupe vipandevipande, naitwa nikatazame "sumu" aliyomwaga fulani. Majuzi jirani wa watu alikuwa keshatajwa jina hata sijaingia majini.

Hakuna aliyemwaga kitu. Mwani hauna macho wala neva, lakini unahisi joto, chumvi, mwanga na mwendo wa maji, na mambo yakiuzidi unajibu. Sumu ipo kweli, ila inatoka humohumo mwilini mwake. Mwaka 1995 watafiti Mtolera, Semesi na wenzao walichapisha utafiti kuhusu spinosamu, aina mojawapo ya mwani tunaolima: ikipigwa na mwanga mkali, ikikaa kwenye maji yenye pH ya juu (yaani asidi imepungua) au ikisongwa na mwani wa aina nyingine, hutoa haidrojeni peroksaidi, ileile ya saluni ya kugeuza rangi ya nywele. Ikizidi, inaunguza seli za mwani wenyewe. Bakteria wanakuta mlango wazi, tawi linalegea, linakuwa jeupe, linakatika. Huo ndio ugonjwa uitwao aisi-aisi.

Sasa fikirieni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kutoka kupita kawaida. Saa nne asubuhi maji yametoka, yaliyobaki ni ya magotini, yametulia na jua linayachemsha. Mwani uliobanana unafyonza kaboni iliyomo, pH inapanda. Mtu wa sumu wa nini tena? "Mbona shamba la jirani halikuguswa?" Nendeni mkaliangalie: aghalabu liko kwenye mkondo, au kwenye kina zaidi. Basi sogezeni vigingi mnavyofungia kamba za mwani kuelekea kwenye kina, achanisheni kamba, ng'oeni mwani pori. Nimeyasema haya mpaka koo limekauka, na bado nakuta kamba zimesongamana kama nywele zisizochanwa. Na anayeng'ang'ania kotonii, ile aina nyingine ya mwani, kwenye maji mafupi asinililie. Spinosamu ndiyo inayostahimili joto zaidi kidogo.

Wengine wanashusha kamba mpaka mwani uguse mchanga, eti upate chakula. Hauna mizizi! Unafyonza virutubisho kwa mwili mzima, na chini pale unasuguliwa tu.

Kwamba mvua inaunenepesha, hapana. Masika hupunguza chumvi, na maji ya mvua hukaa juu, kwa hiyo kamba za kuelea ndizo zinazoumia kwanza.

Na wapo wanaotupa shamba zima kwa sababu limepauka. Kupauka kote kwa pamoja si aisi-aisi. Mara nyingi jua limezidi na virutubisho vimepungua, na ukiushusha kwenye kina rangi hurudi. Bonyeza kwa vidole. Ukiwa mgumu, uache. Ukiwa laini na mweupe, kata kipande hicho leoleo, usimsubiri mnunuzi, na mbegu chukua kwenye ncha changa zilizo ngumu.