Barua kwa Rais: jinsi ya kusoma malalamiko ya miaka ya mwanzo ya Uhuru

Mwananchi wa Tanganyika aliyekuwa na kero mwaka 1963 alikuwa na milango michache ya kubisha. Mtemi au jumbe, ambaye wazee wake walizoea kumpelekea mashauri, alivuliwa madaraka mwaka huohuo. Bwana DC wa Kiingereza alikwishaondoka. Penye kiti chake alikaa Mkuu wa Wilaya, ambaye tangu 1962 alikuwa pia katibu wa TANU wa wilaya. Ukienda bomani kulalamika unamkuta yeye. Ukienda ofisi ya chama kumshtaki, unamkuta yeye tena. Basi watu wakachukua karatasi, wakamwandikia Rais.

Mazoea hayo yalikuwepo kabla ya Uhuru. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na wananchi waliruhusiwa kupeleka malalamiko kwenye Baraza la Udhamini huko New York, bila ridhaa ya gavana. Wameru walipohamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi, walifuata njia hiyo, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri kwenda kuwasemea. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Lakini ilishajulikana vijijini kwamba karatasi inaweza kumruka mkubwa wa karibu ikamfikia wa mbali.

Nani aliandika? Hata mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kwa hiyo mwenye shida na mwenye kalamu mara nyingi walikuwa watu wawili. Mwenye kalamu alikuwa mwalimu wa shule, karani wa ushirika, au mwandishi wa kulipwa mwenye tapureta yake karibu na posta. Msomaji makini husikiliza sauti zote mbili. Karani huanza na "Kwa heshima na taadhima". Aya mbili mbele, mwenye shida anamnyang'anya maneno na kutaja mpaka wa shamba, ng'ombe waliokamatwa, kodi aliyotozwa mara mbili.

Wapo wanaozidharau barua hizi kwa sababu zimejaa "Uhuru na Kazi" na sifa za chama. Mimi naona huko ni kuharakisha hukumu. Ahadi ya mwanachama wa TANU ilisema "Rushwa ni adui wa haki", na mlalamikaji aliyeinukuu dhidi ya ofisa wa serikali hakuwa akijipendekeza. Alikuwa akimbana kiongozi kwa kiapo chake mwenyewe.

Jambo la muhimu zaidi, usisome barua peke yake. Tazama mhuri wa kupokelewa, orodha ya "Nakala kwa", kisha madokezo ya maofisa jaladani. Hapo ndipo utaona safari. Kutoka Ikulu barua ilipelekwa wizarani, wizara ikaituma mkoani, mkoa ukaishusha wilayani "kwa hatua zaidi". Wilayani aliweza kuipokea yuleyule aliyelalamikiwa, na majibu yake mafupi yakapanda juu yakawa ndiyo maelezo rasmi ya shauri. (Anayefikiri utaratibu huo ulikwisha na tapureta ana bahati.)

Serikali yenyewe ilitambua kwamba raia anahitaji mahali pengine pa kulalamika. Mwaka 1966 ikaunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Chifu Erasto Mang'enya. Mtu aliweza kuiandikia au kuieleza kwa mdomo, na wajumbe walikwenda mikoani kuwasikiliza watu. Meno haikuwa nayo: iliripoti kwa Rais, na uamuzi ulikuwa wake. Rais mwenyewe haikuweza kumchunguza. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iliirithi mwaka 2001.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002, kwa kawaida nyaraka za serikali hufunguliwa kwa umma zikitimiza miaka 30. Lakini nusu ya simulizi iko majumbani, katika nakala za kaboni zilizobaki sandukuni mwa babu. Ukiikuta, usiitie plastiki ya moto, na pini yenye kutu iondoe taratibu. Kama ni jibu la ofisi, nakili namba ya kumbukumbu iliyo juu, pamoja na tarehe. Kwa namba hiyo mtunza nyaraka anaweza kulitafuta jalada zima.