Kumfundisha daktari tarajali kukagua saratani ya ngozi

Picha za vitabuni hazitoshi?
Hazitoshi. Nyingi zinaonyesha doa jeusi kwenye ngozi nyeupe. Kwa Waafrika weusi, melanoma, yaani saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, hujitokeza zaidi unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha. Kwa watu wenye ualbino, inayoongoza ni saratani ya seli bapa, yaani seli za tabaka la juu la ngozi, hasa usoni, masikioni, midomoni na shingoni. Ndiyo maana vituo kama kile cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, mwaka 1992 vina thamani kubwa: mwanafunzi anajifunzia kwenye ngozi atakazozitibu.

Aanzie wapi?
Mlango ufungwe, taa iwe nyeupe, nguo zivuliwe kwa zamu, sehemu moja baada ya nyingine, mgonjwa abaki na stara. Anza utosini kwa kupasua nywele, shuka nyuma ya masikio, mdomoni, mgongoni, hadi katikati ya vidole vya miguu. Mgonjwa akibaki na soksi, huo si ukaguzi. Rangi ya kucha ifutwe. Hina na piko havifutiki, basi andika kwenye faili na mpangie tarehe ya kurudi vikishafifia.

Kipi kimtie shaka?
Doa lisilolingana pande zake, lenye kingo za mikatomikato, rangi zaidi ya moja, au upana unaozidi milimita 6. Zito kuliko yote ni doa linalobadilika. Pima kwa rula, piga picha, linganisha.

Kucha huwababaisha wengi. Mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa mtu mweusi. Hofia mstari wa ukucha mmoja unaopanuka, au weusi unaomwagikia kwenye ngozi inayouzunguka.

Kwa mwenye ualbino, vidole hugundua kabla ya macho: papasa polepole, tafuta magamba yanayokwaruza kama msasa. Melanoma yake huweza kuwa ya waridi, bila weusi wowote. Na kidonda kwenye kovu la moto kisichopona kwa wiki kadhaa kisiendelee kufungwa bandeji tu.

Makosa yapi hujirudia?
Kuangalia pale tu mgonjwa alipoonyesha. Kuita uvimbe wa unyayoni sunzua na kuuchoma bila kipimo. Kusahau kupapasa tezi za shingo, kwapa na kinena, ambako saratani huhamia mapema.

Kinyama cha kupima maabara kichukuliwe vipi?
Kwenye kidonda, kata ukingoni kwa kisu duara cha milimita 4. Katikati pameoza, maabara haitapata jibu. Ukishuku melanoma, ondoa doa zima pamoja na milimita 2 za ngozi yenye afya inayolizunguka, hadi kwenye mafuta. Usiparue juujuu: kina cha uvimbe ndicho kinachoongoza matibabu, na ukikipoteza hakirudi. Kihifadhi kwenye formalini (dawa ya kuzuia kuoza) ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kinyama. Jina liandikwe ubavuni mwa chupa, kwa sababu vifuniko hubadilishana mezani.