Mwaliko wa chakula cha jioni cha kazi: nguo ijaribiwe ukiwa umekaa

Mbele ya kioo cha kibandani kwangu, hapa Mtwara mjini, pana stuli fupi ya mbao isiyo na mgongo. Wateja wageni hudhani ni ya kusubiria zamu. Kwangu ile ni kipimo, sawa na futi ya kamba. Mtu akija kuchukua nguo ya hafla ya kazini, simkabidhi mpaka aketi pale, ainame kama anayenawishwa mikono, anyooshe mkono kama anayepokea bakuli la mchuzi, kisha ainuke bila kujivutavuta.

Desturi hiyo niliianza kwa uchungu. Kaka mmoja mhasibu alialikwa na wakuu wake kula na wageni waliotoka Dar es Salaam, msimu wa korosho ulipofunguliwa. Nikamshonea suti ya bluu iliyokolea. Alisimama mbele ya kioo, nikamzunguka nikikagua mgongo, mabega na pindo, tukaridhika sote. Usiku ule, alipovuta kiti na kukaa, mshono wa msamba ukaachia. Alibaki palepale hadi hafla ikaisha. Hakwenda kupakua chakula, na jina lake lilipotajwa ili asimame asalimie, alipunga mkono akiwa kitini mbele ya mkurugenzi wake. Kesho yake asubuhi hakuja kugomba. Aliiweka suruali juu ya cherehani, akasema, "Fundi, ulinipima nimesimama."

Alikuwa na haki. Harusini utasimama, utacheza, utatoka nje kupunga upepo. Chakula cha kazi ni saa mbili au tatu za kukaa, unakula na kuzungumza mbele ya watu ambao Jumatatu utakutana nao kwenye kikao. Kwa hiyo chagua kwanza nguo inayokubali kukaa, halafu ndipo tuzungumzie urembo.

Angalia mwili unavyobadilika. Ukikaa, hipsi huongezeka inchi moja hadi mbili, tumbo husogea mbele, kiuno cha suruali huvutwa chini kwa nyuma na pindo hupanda. Aliyeomba suruali ya kubana, zile inchi mbili hazina pa kwenda ila kwenye mshono. Nikishona suruali ya hafla, mshono wa msamba naupiga mara mbili huku nakivuta kitambaa kidogo, ili uzi upate ulegevu wa kunyooka bila kukatika. Nyuma kiunoni naacha ndani inchi moja ya kitambaa kila upande. Haionekani, na mwenyewe akinenepa mwakani tunaifungua. Koti nalo lina adabu yake. Ukisimama kusalimia, funga kifungo cha juu, cha chini kiache wazi. Ukikaa, fungua vyote. Lisipofunguliwa, kola hupanda hadi karibu na masikio na kile kifungo huvuta kitambaa kikafanya alama ya mkasi tumboni.

Kuna kipimo kingine ambacho majarida ya mitindo hayakitaji. Kadi nyingi za huku huandikwa saa 12 jioni, maana yake Magharibi inaingia wageni wakiwa wameshafika. Wengi watanyanyuka, watatawadha, wataswali, ndipo warudi mezani. Suruali isiyoruhusu sijda ni mateso kwa aliyeivaa na kwa aliye safu ya nyuma yake. Wateja wangu Waislamu nawatandikia mkeka wasujudu hapahapa kibandani kabla hawajalipa. Na shati liwe refu kiasi cha kubaki limechomekwa mtu akiinama. Asiyetaka tabu hizo zote, avae kanzu safi iliyopigwa pasi, koti juu yake, na kofia. Hilo ni vazi rasmi kamili pwani yote hii, na mtu asikudanganye kwamba mbele ya wageni wa kampuni lazima uwe na tai.

Sasa joto. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, hewa yetu imeshiba maji kiasi kwamba jasho halina pa kwenda, hivyo nguo ndiyo inabidi ilipokee. Pamba katika hewa ya kawaida hubeba unyevu unaofika takribani asilimia 8 ya uzito wake na bado ukiishika unaiona kavu. Sufu hufika asilimia 16 hivi. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Ndiyo sababu shati la poliesta hugandamana na mgongo kabla hata maji ya kunawa hayajaletwa. Watu hushangaa nikiwaambia suti ya sufu nyepesi ina nafuu kuliko ya poliesta hapa Mtwara, lakini ndivyo ilivyo. Tatizo ni bei. Kwa wengi wetu jibu ni pamba, au pamba iliyochanganywa na poliesta kidogo ili isikunjike haraka. Kitani ni kizuri mno kwa joto, ila kinakunjika ukikitazama tu, na baada ya saa moja kitini mapaja yatakuwa kama karatasi iliyofinyangwa.

Kinachosahaulika zaidi ni bitana. Unanunua kitambaa kizuri cha pamba, fundi anakuwekea bitana ya poliesta koti zima, umeshavishwa mfuko wa nailoni. Mwambie fundi akuwekee bitana nusu: mabegani na mikononi ili koti liteleze vizuri unapolivaa, mgongo ubaki wazi ukiwa na kingo zilizozungushiwa utepe. Ni kazi ya ziada, kwa sababu ndani kote sasa kunaonekana na mishono lazima iwe safi. Mlipe, anastahili. Kuhusu rangi nitasema machache: kijivu hafifu na samawati ya kati huonyesha kila tone la jasho kwapani, nyeupe na bluu iliyokolea husitiri.

Kaunda suti naipigia debe kila nikipata nafasi. Jina lilitokana na Kenneth Kaunda, aliyekuwa rais wa Zambia tangu 1964 hadi 1991, na wazee wetu wa enzi za Mwalimu waliivaa maofisini bila mtu kuwauliza tai iko wapi. Mikono mifupi, hakuna shati la ndani, suruali na juu vya kitambaa kimoja. Ikishonwa kwa pamba nzito kiasi, mabega yakae sawasawa, ni heshima tupu kwenye hafla ya ufukweni kule Shangani. Vijana wawili niliowashonea mwaka jana walikuja na wasiwasi wa kuonekana wazee. Wamerudi kushona ya pili.

Dada mmoja muuguzi aliniuliza kama kitenge ni rasmi. Nilimjibu kwamba urasmi unaletwa na mkato. Kitenge kilekile nikikishona kwa mabega yaliyonyooka, kola ndogo na urefu wa kupita goti, ni nguo ya ofisini. Nikikijaza mapuliza mikononi na marinda matatu chini, ni nguo ya kwenye sherehe ya mtoto. Ila kiangalie kabla ya kununua. Kigeuze: kilichochapwa kwa nta rangi zake karibu zinalingana pande zote mbili, kile cha chapa ya upande mmoja nyuma kimepauka, na hicho kikikunjwa kwenye mkono au kola weupe utaonekana. Kisha kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa maana kitenge cha pamba huruka, na gauni lililokutosha Jumamosi likifuliwa mara moja halikutoshi tena. Mimi mwenyewe hukitandaza mezani na kukizungusha mara tatu nne kabla ya kugusa mkasi, nione ua kubwa litaangukia wapi. Likiangukia katikati ya kifua au makalioni, macho ya meza nzima yatakwenda huko, na hakuna dada anayestahili hayo siku anayozungumza na bosi wake.

Khanga ni habari nyingine. Khanga ina jina, na jina linasomwa. Mama mmoja aliniletea doti nimshonee gauni la kula na wakubwa wa idara yake. Michoro mizuri, rangi nzuri, lakini maneno yake yalikuwa ya kijembe cha mke mwenza. Hakuwa amekusudia chochote, alipendezwa na rangi. Tuliyakata maneno yote tukayaingiza kwenye pindo la ndani. Hapa kwetu hata mgeni wa siku tatu atapata wa kumfasiria kilichoandikwa.

Kwa akina mama na dada, kabla ya kioo fikiria bajaji. Mshono wa nguva, unaobana hadi magotini kisha ukachanua, ni mzuri kwenye picha, lakini utapandaje? Na bodaboda ndiyo usiitaje. Sketi inayogusa goti ukisimama inaweza kupanda inchi tatu ukikaa, na kiti cha hafla ni kifupi kuliko cha ofisini. Iwe chini ya goti, au iwe pana. Mikono mipana ya kuning'inia huingia kwenye mchuzi. Nimefua mchuzi wa nazi kwenye mikono ya watu mara nyingi kiasi cha kusema hili bila kusita. Ukipenda upana, ukomee kwenye kiwiko. Mtandio ufungwe kwa pini mbili, moja chini ya kidevu na moja begani, ili ukiinama kunawa usikuponyoke. Viatu vya mchuchumio vyenye kisigino chembamba viache nyumbani kama hafla ni kwenye mchanga au majani, maana kila hatua itakuzamisha. Na miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, ufukweni kuna upepo wa jioni, hivyo sketi nyepesi iwekewe uzito kidogo pindoni. Mimi hushonea utepe mnene ndani.

Kadi ikikuchanganya, usikisie. Kuna kadi zinazoandikwa maneno mawili ya Kiingereza yanayomaanisha nadhifu lakini si rasmi sana, na kila mtu huyatafsiri kivyake. Mpigie katibu muhtasi aliyekuletea kadi, muulize mambo mawili: ni ndani penye kiyoyozi au ni nje, na mwaka jana wakubwa walivaa nini. Yeye huwa amewaona wote. Watumishi wa umma wana pia mwongozo wao, waraka wa mavazi, unaokataza nguo za kubana, fupi mno na zinazoonyesha maungo. Mimi nashauri ufuatwe hata mezani usiku, kwa sababu meza ile bado ni kazi.

Kama fedha ya kushona haipo, koti la mtumba halina aibu yoyote. Angalia bega tu. Kiuno nitapunguza, mikono nitafupisha, bitana nitabadilisha, lakini bega likikuzidi koti lote linabidi lifumuliwe, na gharama itafika ya koti jipya. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Bonyeza kwa kidole, utausikia.

Jambo dogo la mwisho ni la msimu. Kuanzia Oktoba kwenye meza za huku huwekwa juisi ya mabibo, na yeyote aliyekulia mashambani anajua doa la bibo. Likikauka kwenye shati jeupe halitoki, hata uchemshe. Nimewahi kupaka rangi shati zima la mteja kuwa kahawia kwa sababu ya tone moja. Kaa na kitambaa mapajani, na likidondoka nenda ukalimwagie maji papo hapo, usingoje hotuba iishe.

Ukija kupimwa, njoo na viatu utakavyovaa, na mkanda, na simu yako uiweke mfukoni, kwa sababu navyo vinabadilisha jinsi nguo inavyoanguka. Njoo wiki tatu kabla. Hafla ikiwa Oktoba au Novemba, njoo Septemba. Fedha za korosho zikianza kuingia kila cherehani hapa mjini ina foleni, na suruali iliyomalizwa usiku wa manane kwa haraka mwenyewe huichukua alfajiri ikiwa bado ina joto la pasi, bila kuikalia kwenye stuli.