Pumzi ya kwanza si hukumu: kipimo cha kilevi kazini ni kitu gani hasa

Maneno ni yale yale kila siku, barazani na kwenye magrupu ya WhatsApp: fulani kapulizishwa asubuhi kazini, mashine imesoma kitu, basi keshakuwa mlevi. Mtu ana mke, ana watoto wanakwenda chuoni, ana wazee msikitini wanaomheshimu, na jina lake linafika Mkoani, Pemba, kabla boti haijang'oa nanga Malindi, Unguja. Tena wanaosambaza ni watu waliosoma. Mie sitetei ulevi hata chembe, na anaeshika usukani wa chombo chenye roho za watu apimwe, leo apimwe na kesho apimwe. Ninachokataa ni kukihukumu kipimo nusu yake.

Kipimo chenyewe kwa ufupi ni hivi: mfanyakazi anapuliza kwenye mashine ya mkononi, mashine inasoma kuna kilevi kiasi gani kwenye hewa inayotoka mapafuni. Damu ikipita mapafuni kilevi kilichomo kinavuka kidogo kuingia kwenye hewa, na hesabu inayotumika zaidi ni kwamba mililita 1 ya damu ina kilevi sawa na mililita 2,100 za pumzi, kwa hiyo ukishaijua pumzi unaikadiria damu bila ya kumchoma mtu sindano. Ndo maana unaambiwa puliza, puliza, usikate, inatafutwa hewa ya ndani kabisa si ya mashavuni. Wanaopimwa ni wale ambao wakiteleza kidogo watu wanakufa: nahodha na mabaharia wake, rubani, fundi wa ndege, mwendesha kreni, dereva wa gari la mafuta. Basi, maana yake ni hiyo, haina mengi.

Mengi yapo kwenye hatua zake, maana ni mbili na watu wanaihesabu moja. Pumzi ya kwanza ni ya kuchuja. Kazi yake ni kuwatoa walio safi waende zao kazini, na yule ambae mashine imesoma kitu abaki. Abaki tu, asiende kazini lakini pia asipewe jina. Pumzi ya pili ndo ya kuthibitisha, na baina ya hizo mbili kuna dakika 15 za kukaa kitako, na hizo dakika 15 ndo roho ya kipimo chote hichi.

Kwa nini kusubiri? Kwa sababu mashine inakijua kilevi lakini haijui kimetoka wapi. Mtu kasukutua mdomo kwa ile dawa ya kusukutulia yenye spiriti, au kanywa dawa ya kifua yenye kilevi ndani mlangoni, au msimamizi mwenyewe kajipaka sanitaiza mikono bado mibichi akamshikia mashine mdomoni, yote hayo yanaweza kusomeka. Hata mkate wenye hamira uliotoka kutafunwa sasa hivi unaweza kuacha kitu kidogo mdomoni. Kilevi cha mdomoni kinapotea chenyewe ndani ya dakika hizo 15. Cha kwenye damu hakipotei hivo. Kwa wastani mwili unapunguza kama gramu 0.015 za kilevi kwenye kila mililita 100 za damu kwa saa, kwa hiyo ndani ya robo saa inapungua hata 0.004 haifiki, na anaesema ati kusubiri ni kumpa mlevi nafasi ya kulevuka aiangalie hesabu hii vizuri. Aliekunywa atasomeka tu, aliesukutua atatoka safi.

Marekani sheria ya kuwapima wafanyakazi wa usafiri ilipita mwaka 1991 na utaratibu umeandikwa mpaka vitu vidogo vidogo. Kule 0.02 maana yake ni gramu 0.02 za kilevi kwenye lita 210 za pumzi. Pumzi ya kwanza ikisoma chini ya 0.02 umemaliza, huna kesi. Ikifika 0.02 au ikapita unakalishwa kwenye kiti mbele ya mpimaji, huli, hunywi, hutafuni bigijii (kwetu ningeongeza na tambuu), hutii kitu mdomoni, na unaombwa ujizuie hata kupiga mbweu, maana mbweu linaweza kupandisha hewa ya tumboni. Zikishapita dakika 15, na isizidi nusu saa tokea ile pumzi ya kwanza, mashine inavutishwa kwanza hewa tupu ya chumbani na lazima isome 0.00 mbele ya macho yako, halafu unafunguliwa mrija mpya kutoka kwenye mfuko wake, unapuliza, karatasi inatoka. Karatasi hiyo ndo jibu. Kama ya kwanza ilisoma 0.03 na ya pili ikasoma 0.00, jibu ni safi, hakuna cha "lakini ile ya kwanza". Ya pili ikisoma 0.04 au zaidi hapo kavunja sheria. Katikati, toka 0.02 mpaka chini ya 0.04, anawekwa pembeni, dereva wa lori huko hashiki usukani mpaka zipite saa 24.

Jengine linalonikera ni watu kupiga picha kioo cha mashine, wanasambaza "0.25 jamaa!" wanalinganisha na 0.05 waliyoisikia kwengine wanasema kazidisha mara tano. Hizo ni namba mbili za kipimo kimoja. Kwa mabaharia, marekebisho ya Manila ya 2010 kwenye mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vyao, yalioanza kutumika Januari 1, 2012, yanaitaka nchi iweke kikomo kisichozidi asilimia 0.05 kwenye damu au miligramu 0.25 kwenye lita moja ya pumzi. Zidisha 0.25 mara 2,100 ugawe kwa 10,000 (kugeuza miligramu kwa lita kuwa gramu kwa mililita 100), unarudi karibu pale pale kwenye 0.05. Kampuni inaweza kuweka kikomo chake chini zaidi, hata sifuri, lakini kabla hujataja namba ya mtu jua kwanza mashine imeandika nini pembeni yake.

Na wakati wa kupima nao ni sehemu ya jibu. Meli ya mafuta Exxon Valdez ilipanda mwamba Alaska Machi 24, 1989, na damu ya nahodha Joseph Hazelwood ilichukuliwa zaidi ya saa kumi baadae, ikasoma 0.061. Mwaka wa pili wake baraza la mahakama likamwachia shitaka la kuendesha chombo akiwa amelewa, likamtia hatiani kwa uzembe wa kumwaga mafuta. Mpaka leo watu wanabishana alikuwaje usiku ule, na wangebishana kidogo zaidi kama angepimwa mapema.

Wapo pia wanaoona wakilala usingizi basi wameshalevuka. Mtu alie 0.12 saa sita za usiku, kwa ule mwendo wa 0.015, saa kumi na mbili asubuhi bado yuko kama 0.03, kaoga, kanywa kahawa chungu, anajiona mzima kabisa. Kahawa inamwamsha, haimtolei kitu kwenye damu. Huyu pumzi ya pili itamkamata na ni haki akamatwe. Upande wa pili yupo aliefunga Ramadhani, mdomo umekauka, pumzi ina harufu, msimamizi kanusa tu keshamshuku. Mwili ukikaa na njaa unatoa asetoni kwenye pumzi, mashine za bei rahisi za zamani zingeweza kuidhania kilevi, lakini zile zinazochoma kilevi kwenye madini ya platinamu na kupima umeme unaotoka, ambazo ndo nyingi kazini siku hizi, asetoni hazina habari nayo. Pua ya msimamizi haina uwezo huo.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukija kuambiwa fulani kapulizishwa kakutwa, uliza kwa upole: pumzi ya pili ilisoma ngapi, na baada ya dakika ngapi? Kama anaekwambia hajui, basi lililo sawa kusema ni kwamba kawekwa pembeni anasubiri kipimo cha kuthibitisha.